Namna ya kukigeuza kipande cha ardhi kilichosahaulika mjini kiwe mahali pa watu

Kila mji una mabaki yake: pembetatu iliyosalia pale barabara mbili zilipokutana, ukanda mwembamba kando ya reli, uwazi ulio chini ya daraja la juu, kiwanja ambacho nyumba yake ilibomolewa na hakuna aliyejenga tena, uchochoro wa nyuma ya majengo unaojulikana kwa mapipa ya taka tu. Kwa mchora ramani, vipande hivi ni masalio ya hesabu; kwa mkazi, ni mahali pa kuharakisha hatua giza likiingia. Mwongozo huu unaeleza jinsi kikundi cha wakazi kinavyoweza kukishika kipande kimoja cha namna hiyo na kukifanya kiwe mahali pa kukaa, pa kucheza, pa kulima au pa kukutania, bila kusubiri bajeti kubwa. Unaanza na jambo ambalo vikundi vingi huliruka: hakuna eneo linalotelekezwa bila sababu, na anayeweka benchi kabla ya kuijua sababu hiyo anaongeza tu kitu kingine cha kutelekezwa.

Kwa nini pameachwa

Sababu huwa chache, na mara nyingi mbili au tatu hukutana mahali pamoja. Huenda ardhi haina mwenyewe anayejulikana, hivyo kila ofisi husema kazi ile ni ya ofisi nyingine. Huenda maji ya mvua hutuama hapo, na hakuna anayetaka kukanyaga tope. Huenda hapana kivuli mchana wala taa usiku, au kuta zinazopazunguka hazina dirisha wala mlango, kiasi kwamba apitaye hapo haonwi na mtu. Huenda ni kelele za magari tu. Kila sababu ina dawa yake, na dawa ya moja haitibu nyingine: taa nzuri haitakausha dimbwi, na mtaro mpya hautampa mtu moyo wa kukaa peke yake katikati ya kuta tupu.

Njia ya kuijua sababu ni kukaa hapo na kutazama. Chagueni siku mbili za kazi na moja ya mapumziko, kuanzia alfajiri hadi watu wanapoingia kulala, na katika kila saa mtu mmoja ahesabu kwa dakika 10 ni wangapi wanaopita, wangapi wanaosimama na wangapi wanaokaa. Waandikwe kwa makundi: watoto, wanawake, wanaume, wazee, wenye mizigo, wanaotumia viti vya magurudumu. Katika miaka ya 1970 mtafiti William H. Whyte aliwachunguza kwa kamera watu waliokuwa wakitumia viwanja vidogo vya New York, kwa subira ya namna hiyo hiyo, na moja ya mambo aliyoyaona ni kwamba idadi ya wanawake ni kipimo kizuri cha afya ya mahali, kwa kuwa wao huchagua kwa uangalifu zaidi pa kukaa. Ikiwa katika hesabu yenu wanawake wanapita kwa kasi na hawasimami kamwe, mmekwisha kupata habari yenye thamani kuliko dodoso lolote.

Itazameni pia ardhi yenyewe. Njia za mkato ambazo nyayo zimezichora katika nyasi zisizibwe kwa ua wala kwa bustani, maana watu watazifungua upya juu ya maua yenu; zifanyeni kuwa njia rasmi, na mpango wote ujengwe kuzizunguka. Na kabla hamjasema kwamba mahali ni patupu, ulizeni ni nani aliyekuwapo kabla yenu. Karibu kila mara yupo mchuuzi anayeegesha mkokoteni, fundi anayeanika mbao zake, vijana wanaokutana jioni, au mtu asiye na makazi anayelala hapo. Hao ndio wenyeji wa kwanza. Wanajua maji hutoka upande gani na vurugu huanza saa ngapi. Kuwafukuza ni dhuluma, na zaidi ya dhuluma ni hasara, kwa sababu mnaondoa macho ambayo yalikuwa yakipalinda mahali bila malipo. Mjini Portland, Marekani, mwaka 1990, wachezaji wa ubao wa magurudumu walianza kumwaga zege kwa mikono yao chini ya daraja la Burnside, pasipo kibali. Jiji lilikuja kukubali baadaye, na uwanja wao ukadumu. Simshauri mtu yeyote kumwaga zege bila kibali. Ninachosema ni kwamba wale waliokuwa wakipita hapo kila siku waliona kazi ya mahali pale mapema kuliko ofisi iliyopamiliki.

Ni ya nani, na kwa muda gani

Kipande kinachoonekana hakina mwenyewe huwa na wenyewe watatu. Kando ya barabara kuna hifadhi ya barabara, kando ya mto kuna ukanda usioruhusiwa kujengwa, chini ya nyaya za umeme mkubwa kuna njia ya shirika la umeme, na chini ya ardhi hiyo hiyo huenda limepita bomba la maji au la majitaka ambalo mwenye bomba ana haki ya kulifukua siku yoyote. Nendeni ofisi ya ardhi ya jiji mkiwa na mchoro wenye vipimo na picha, mwombe kuonyeshwa ramani ya viwanja, kisha muulize kila mamlaka kwa barua badala ya mdomo. Barua hujibiwa polepole, lakini jibu lake hukaa katika faili hata afisa aliyelitia saini akihamishwa.

Kinachotafutwa kwa kawaida si hati miliki, ni ruhusa ya kutumia kwa muda. Ruhusa hiyo iandikwe, hata kama anayeitoa ni jirani mwema mwenye kiwanja chake, na itaje mambo haya kwa maneno yasiyo na utata: mipaka ya eneo, muda, nani anaruhusiwa kuingia na saa ngapi, vitu gani vinaweza kujengwa, nani anawajibika mtu akiumia, nani analipia maji na umeme, na notisi ya siku ngapi itatolewa kabla ya ruhusa kukoma. Kipengele cha notisi ndicho ambacho vikundi husahau na ndicho kitakachowauma. Muda wa mwaka 1 unatosha kwa viti na maua. Anayetaka kupanda miti aombe miaka 5 au zaidi.

Kisa cha New York kinafaa kuangaliwa kwa makini kuhusu jambo hili. Mwaka 1973 msanii Liz Christy na wenzake walisafisha kiwanja kilichojaa kifusi kwenye kona ya mitaa ya Bowery na Houston, wakapanda bustani; mwaka uliofuata jiji likakubali kuwapangisha kwa dola 1 kwa mwezi. Kodi ilikuwa ndogo mno, lakini karatasi ilikuwa na maana kubwa: ilikubali kwamba wapo. Bustani nyingi zikafuata mfano huo katika mitaa mingine, na nyingi kati yake zikabaki na ruhusa za muda tu, mpaka mwaka 1999 jiji lilipotaka kuuza zaidi ya 100 kwa mnada. Ziliokolewa na mashirika yaliyozinunua baada ya malalamiko makubwa ya umma. Zaidi ya robo karne ya jasho ilikuwa imeegemea kibali ambacho upande mmoja ungeweza kukivunja.

Kuuliza watu kwa namna watakayojibu

Mkutano wa ukumbini una kasoro inayojulikana: huzungumza waliozoea kuzungumza. Fanyeni mazungumzo mahali penyewe, saa ambazo watu wanapita, na badala ya kuuliza "mnataka nini hapa", swali linalozaa orodha ya ndoto, mwulizeni kila mtu angekuja hapo na nani, saa ngapi, na akae kwa muda gani. Chukueni chaki au chokaa na mchore ardhini ukubwa halisi wa kila kitu kinachopendekezwa. Mzee akisimama ndani ya mstatili wa chokaa na kusema kwamba meza hii imefunga njia ya kwenda kisimani, amewaokolea fedha nyingi. Watoto waulizwe wao wenyewe, kwa kuwa mara nyingi wazazi huwajibia mambo ambayo watoto hawayataki.

Mji wa Amsterdam ulifanya kazi ya namna hii kwa miongo mitatu. Kuanzia mwaka 1947 hadi 1978 msanifu Aldo van Eyck alichora zaidi ya viwanja 700 vya watoto, vingi vikiwa kwenye pembe za mitaa na katika mapengo yaliyoachwa na nyumba zilizobomolewa baada ya vita. Wakazi wenyewe walikuwa wakiiandikia ofisi ya jiji kuomba kiwanja mtaani mwao. Vifaa vyake vilikuwa vya kawaida kabisa, yaani shimo la mchanga lenye ukingo wa zege, vyuma vya kubingirikia na vigingi vya kurukia, na havikumwambia mtoto mchezo gani acheze. Uamuzi wangu ni kwamba somo kubwa la kazi ile ni udogo wake. Jiji halikutafuta bustani moja kubwa ya kujivunia. Lilijaza mapengo moja baada ya jingine, kila moja likiwa umbali wa hatua chache kutoka mlangoni.

Maji, udongo na jua

Hapa ndipo penye kazi isiyoonekana, na miradi mingi hufa kwa kuidharau.

Anzeni na maji. Nendeni hapo mvua inaponyesha, si baada yake, mkiwa na miavuli na fimbo za kuchomeka, mweke alama pale maji yanapoingia, yanapotuama na yanapotokea. Kisha pimeni jinsi ardhi inavyoyanywa. Chimbeni shimo la kina cha sentimita 30 na upana kama huo, mlijaze maji, myaache yaishe kabisa, halafu mlijaze mara ya pili. Chomekeni kijiti chenye alama kando ya ukuta wa shimo na kutazama saa. Maji yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, udongo huo umeshikana kama sakafu, pengine kwa sababu magari yamekuwa yakigeuzia hapo kwa miaka, na mche wowote mtakaoupanda utaozea mizizi. Mnaweza kuulegeza kwa kuufukua na kuchanganya mboji, au kukubali kwamba upande huo utakuwa wa changarawe na viti, na mimea ipandwe kwingine. Sehemu ya kutembea iwe na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita 1, uelekee kwenye mtaro au kwenye bustani, wala usielekee kwenye ukuta wa jirani. Mteremko huo ni mdogo kiasi cha kutoonekana, ila fundi mwenye pima maji atauona. Dimbwi lisilokauka kwa wiki nzima ni kitalu cha mbu, na hakuna jirani atakayewasamehe.

Udongo wa mjini una kumbukumbu. Penye nyumba ya zamani kuna rangi ya zamani, ambayo huenda ilikuwa na madini ya risasi. Penye gereji ya zamani kuna oili. Kando ya barabara kuu kuna mabaki ya miaka ya petroli yenye risasi. Kabla ya kupanda chochote cha kuliwa, pelekeni sampuli maabara, mkizichota sehemu tano au sita tofauti, sentimita 15 za juu, kwa sababu uchafu hausambai sawasawa. Kama hakuna njia ya kupima, msilime ardhini. Jengeni matuta ya juu kwa mbao au matofali, kina cha sentimita 30 au zaidi, mtandike chini yake kitambaa kizito kinachopitisha maji na kuzuia mizizi, kisha mjaze udongo ulioletwa kutoka mahali panapojulikana. Ardhi iliyobaki wazi ifunikwe kwa nyasi au matandazo, maana hatari kubwa kwa watoto ni vumbi linaloingia mdomoni kupitia vidole.

Jua nalo lichorwe. Saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 10 jioni, pigeni mstari wa chokaa kuzunguka kivuli cha kila jengo na kila mti. Mwisho wa siku mtakuwa na ramani inayosema benchi la wazee likae wapi, mboga zipandwe wapi, na wapi hapafai kitu chochote mpaka mti ukue. Mboga nyingi zinahitaji jua la moja kwa moja saa 6 kwa siku; kwenye mwanga pungufu ya hapo majani yatakuja, matunda hayatakuja.

Miti ipandwe mapema kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ndiyo pekee isiyoweza kuharakishwa kwa fedha. Shimo liwe na upana mara mbili au tatu ya donge la mizizi, lakini lisiwe na kina kuzidi donge lenyewe. Mti uliozamishwa sana hukaba shina lake na kufa polepole, miaka miwili au mitatu baadaye, wakati watu wamekwisha kusahau nani aliupanda na kuanza kulaumu udongo.

Kujaribu kwa vitu vya kuazima

Kabla ya zege, jaribuni. Mwaka 2005 kikundi cha wasanii kilichoitwa Rebar kililipia nafasi ya maegesho mjini San Francisco, kisha badala ya kuegesha gari kikatandika nyasi, kikaweka benchi na mti, na kwa saa mbili hivi barabara ikawa na bustani. Zoezi hilo likageuka kuwa siku inayoadhimishwa kila mwaka katika miji mingi. Jiji la New York nalo, lilipofunga sehemu ya barabara ya Broadway huko Times Square mwaka 2009, lilianza kwa kutandaza viti vya kukunja vya bei rahisi, likatazama kwa miezi kadhaa, na ndipo mwaka 2010 likaamua kwamba mabadiliko yabaki.

Jaribio la mtaani linahitaji vitu ambavyo tayari vimo majumbani: viti, mikeka, turubai la kivuli, makreti yaliyopinduliwa, rangi ya chokaa ardhini. Liwe la wikiendi moja, kisha la mwezi. Rudieni hesabu ile ile ya dakika 10 kwa kila saa, mlinganishe na ya mwanzo. Jambo moja mtaliona haraka: kiti kinachohamishika kinapendwa kuliko kilichokazwa. Mtu akifika hukisogeza kidogo, wakati mwingine kwa upana wa kiganja tu, kabla ya kukikalia, na kwa kukisogeza huko amepafanya pale pawe pake. Whyte aliliona jambo hili pia. Hofu kwamba viti vitaibiwa ina msingi, na dawa yake ni kuvikabidhi kwa mtu anayefungua na kufunga, kama vile mchuuzi wa jirani ambaye wateja wake ndio watakaovikalia.

Mahali pa kukaa

Chukueni mfano wa benchi moja. Limewekwa katikati ya kiwanja, likitazama ukuta, mgongo wake ukielekea njia ya watu. Mafundi wamelijenga vizuri, mbao zimepigwa randa, na hakuna anayelikalia isipokuwa mlevi wa saa nane usiku. Mwaka mzima wenye mradi wanasema watu wa mtaa huu hawathamini vitu. Kisha mtu mmoja analizungusha nusu duara na kulivuta mita tatu hadi chini ya mti, mgongo ukiwa ukutani na uso ukielekea wapitao. Jioni hiyo hiyo lina watu wanne. Binadamu hapendi kukaa akiwa amewapa mgongo wageni, na burudani yake kubwa katika mahali pa umma ni kuwatazama wengine. Basi mabenchi yawe kando, yatazame njia, na mawili yakutane kwa pembe ili watu watatu waweze kuzungumza bila kugeuza shingo.

Urefu wa kikalio uwe sentimita 45, na baadhi yawe na egemeo na mikono ya kushikia kwa ajili ya mzee anayehitaji kujisukuma ili ainuke. Kingo za bustani na ngazi zikijengwa kwa urefu huo huo, huwa viti vya ziada bila gharama. Wapo wanaopenda kuweka vyuma katikati ya benchi ili mtu asilale. Kwa maoni yangu, chuma hicho kinamnyima nafasi mama mwenye mtoto usingizini kabla ya kumzuia aliyekusudiwa, na suala la anayelala hapo linahitaji mazungumzo badala ya chuma.

Kila njia iwe na upana usiopungua mita 1.2, na penye kugeuka pawe na nafasi ya mita 1.5 ili kiti cha magurudumu kizunguke. Penye tofauti ya usawa, njia ya mteremko ipande sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu, si kali zaidi ya hapo. Ijaribuni na mtumiaji halisi kabla zege halijakauka, kwa sababu fundi ambaye hajawahi kukisukuma kiti hicho hujenga mteremko ambao hata toroli tupu haiupandi.

Vifaa vya watoto vinahitaji ukali wa pekee. Uwazi kati ya vyuma au mbao usiwe wa sentimita 9 hadi 23, kwa kuwa mwili wa mtoto unaweza kupenya hapo na kichwa kikanasa. Chini ya bembea na vifaa vya kupanda pasiwe na saruji wala udongo ulioshindiliwa. Wekeni mchanga au vipande vya mbao kwa kina cha sentimita 30, na mvitifue kila mwezi kwa sababu hushikana. Pawe na nafasi tupu ya mita 1.8 kuzunguka kila kifaa ili anayeanguka asigonge kingine.

Kuhusu kelele, ukuta hausaidii sana kama watu wanavyodhani, lakini sauti nyingine husaidia. Bustani ndogo ya Paley Park, iliyofunguliwa New York mwaka 1967 katika pengo la mita za mraba 390 hivi kati ya majengo, ina maporomoko ya maji ukutani yanayofunika mngurumo wa magari, na watu hukaa hapo wakinong'ona. Si kila kikundi kitamudu pampu, ila hata majani makavu yanayotikisika hupunguza ukali wa mahali. Kuhusu taa, nyingi ndogo zinazomulika nyuso na njia ni bora kuliko moja kali juu ya nguzo, ambayo humtia anayepita upofu na kutengeneza weusi mzito nje ya duara lake.

Chini ya daraja

Uwazi ulio chini ya daraja la juu una sheria zake. Hapanyeshi, kwa hiyo mimea itakufa kama hakuna wa kuimwagilia, na hata ikimwagiliwa mingi haipati mwanga wa kutosha. Tumieni nafasi hiyo kwa mambo yanayofurahia paa: michezo, mazoezi, soko la siku moja, karakana ya baiskeli. Wahandisi lazima waweze kuzifikia nguzo kwa ukaguzi, hivyo kusiwe na kitu cha kudumu kilichoziegemea, na wasanii wakitaka kuzipaka rangi, mwenye daraja aulizwe kwanza kwa sababu rangi nzito huficha nyufa. Marufuku kabisa kuhifadhi matairi, mbao au plastiki hapo. Moto chini ya daraja hudhoofisha zege na chuma kilichomo, na barabara nzima inaweza kufungwa.

Nani atashika ufagio

Siku ya uzinduzi kila mtu yupo. Swali ni Jumanne ya mwezi wa nne. Kabla ya kununua msumari wa kwanza, andikeni kazi za kila wiki kwa majina: nani anafagia, nani anamwagilia, nani anatoa taka, nani anakaza nati zilizolegea, nani anashika ufunguo wa stoo, na nani anachukua zamu mwenzake akisafiri. Kazi isiyo na jina la mtu ni kazi isiyofanywa. Kisha tengeni fedha: sehemu ya kila mchango, hata kabla ya ujenzi kwisha, iwekwe akiba ya matengenezo na iwe na watia saini wasiopungua wawili wasiotoka nyumba moja. Hesabu zibandikwe ubaoni kila mwezi, pale pale kiwanjani, si kwenye simu za wanakamati tu.

Kitu kikivunjika, kitengenezwe ndani ya siku chache au kiondolewe. Benchi lenye ubao mmoja uliovunjika humwambia mpita njia kwamba hapa hakuna anayejali, na ubao wa pili hufuata. Kwa sababu hiyo chagueni vitu ambavyo fundi wa kawaida anaweza kuvirekebisha kwa mbao na bolti zinazopatikana karibu. Taa ya kifahari inayosubiri kipuri kutoka mbali itakuwa gizani mwaka mzima. Waelezeni wasanifu jambo hili mapema, maana wao hupenda vitu vya pekee.

Jiandaeni pia kwa tatizo la kufanikiwa. Mahali pakipendeza, wenye nyumba hupandisha kodi. Reli ya juu ya New York iitwayo High Line, ambayo treni yake ya mwisho ilipita mwaka 1980 na ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa kuwa bustani mwaka 2009, ilivutia majengo ya gharama kubwa kandokando yake. Kipande cha pembeni mwa mtaa hakitaleta kishindo cha namna hiyo, ila wapangaji wa nyumba za jirani wawemo katika kamati tangu mwanzo, na ruhusa ya wachuuzi waliokuwapo iandikwe katika makubaliano ya awali ili wasije wakaondolewa kwa jina la usafi.

Siku ardhi itakapodaiwa

Ruhusa ya muda hukoma, na ni busara kujenga mkijua hivyo. Mjini Berlin, mwaka 2009, bustani ya Prinzessinnengarten ilianzishwa kwenye kiwanja cha Moritzplatz kilichokuwa kimeachwa kwa zaidi ya nusu karne, na mimea yake ilipandwa katika makreti na magunia, kwanza kwa kuwa udongo wa pale haukuaminika, pili kwa kuwa kiwanja kilikuwa cha kupanga na bustani ilipaswa kuweza kubebwa. Igeni akili hiyo. Fungeni mbao kwa bolti badala ya misumari, ili zifunguliwe bila kupasuka. Tumieni matofali yaliyopangwa juu ya mchanga badala ya sakafu ya zege. Wekeni daftari linaloonyesha kila kitu kilitolewa na nani, ili pasiwe na ugomvi siku ya kugawana.

Notisi ikifika, jibuni kwanza kwa barua yenye hesabu zenu: idadi ya watu kabla na baada, picha za tarehe zinazolingana, orodha ya shughuli. Mwenye ardhi hubadili nia mara chache, lakini huweza kuongeza miezi sita au kukubali kipande kidogo kibaki wazi katika jengo lake jipya, na hesabu ndizo zitakazozungumza mezani. Wakati huo huo anzeni kutafuta pengo la pili mtaani, kwa sababu kikundi kilichokwisha kujifunza kupima maji na kusoma mkataba hakihitaji tena miaka miwili ya kuanza. Miti michanga ihamishwe mwanzoni mwa mvua, ikiwa na donge lake la udongo limefungwa kwa gunia. Ile ambayo shina lake limepita unene wa mkono haitavumilia safari. Ikateni vipandikizi mapema, mviweke kivulini kwenye mifuko ya udongo laini, na kila familia iondoke na viwili.